Nyumba ya 1962 au ya mwaka jana? Namna ya kupima uimara kabla ya kulipa

Swali: "Mimi na mume wangu tunatafuta nyumba ya kununua Nakuru. Tumeonyeshwa mbili ambazo bei zake hazipishani sana. Moja ni ya mawe, iko Milimani, ilijengwa 1962. Paa lake ni la vigae vya udongo, na nyuma kuna stoo iliyoezekwa kwa shiti nzito za kijivu. Nyingine iko Kiamunyi, ni ya ghorofa moja, ilikamilika mwaka jana, na mwenye mradi anaendelea kujenga nyingine za aina hiyo hiyo kando yake. Baba mkwe anashikilia kwamba nyumba za zamani zilijengwa na watu waliojua kazi. Fundi wetu anasema za zamani ni gharama tupu. Dada yangu wa Kisumu naye anauliza hayo hayo kuhusu nyumba mpya za upande wa Nyamasaria. Tumsikize nani?"

Jibu: Baba mkwe ana haki kuhusu kuta. Fundi wenu ana haki kuhusu nyaya, mabomba na paa. Ila hakuna kati yao aliyetaja ardhi, na kwa Nakuru mimi ningeanzia hapo.

Kwanza niseme hivi: mwaka wa kujengwa haukuambii kama nyumba ni imara. Unakuambia mahali pa kutafuta kasoro, kwa kuwa kila kipindi kilikuwa na vifaa vyake, namna yake ya kubana matumizi na makosa yake ya kawaida. Tena nyumba za 1962 mnazoziona leo ni zile zilizosalia. Zilizojengwa ovyo mwaka huo zilikwisha bomoka au kubomolewa, kwa hiyo mtu akizilinganisha zilizobaki na kila kinachojengwa leo, za zamani zitaonekana bora kuliko ilivyokuwa kweli.

Ardhi iliyo chini ya nyumba

Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, juu ya majivu na mawe mepesi yaliyotapikwa na volkano, Menengai ikiwa mojawapo. Udongo huu ukiwa mkavu hubeba nyumba bila shida. Ukilowa kwa wingi na kwa ghafla, chembe zake hulegea, hujipanga upya, na ardhi hudidimia. Ndiyo sababu mvua za masika zikizidi, mashimo na nyufa ndefu hujitokeza ardhini katika sehemu kadhaa za mji na viunga vyake. Nyufa hizo kwa kawaida hufuata mipasuko ya Bonde la Ufa, yaani takriban kutoka kaskazini kwenda kusini. Msingi wa kawaida wa nyumba ya kuishi hauwezi kuhimili ufa wa namna hiyo ukipita chini yake, uwe ulimwagwa 1962 au mwaka jana.

Hapa nyumba ya zamani mara nyingi ina faida ambayo haikutokana na ufundi wa mwashi. Waliojenga mwanzo walichagua viwanja kwanza: miinuko, mahali maji yanapopita bila kutuama. Waliofuata wamejenga panapopatikana. Na nyumba iliyosimama zaidi ya miaka 60 imekwisha pitia misimu mingi ya mvua. Kama ardhi yake ilikuwa na neno la kusema, limekwisha andikwa kutani. Ya Kiamunyi haijapata muda wa kuonyesha lolote. Sisemi kwamba Kiamunyi ni pabaya, kwani kuna viwanja vizuri sana huko. Nasema hamna historia ya kusoma, kwa hiyo lazima mkague zaidi.

Nendeni kwenye viwanja vyote viwili baada ya mvua kubwa, si siku ya jua. Angalieni maji yanasimama wapi na yanakimbilia wapi. Kagueni kuta za ua kabla ya nyumba yenyewe: ukuta wa ua hujengwa juu ya msingi mfupi, hivyo ndio wa kwanza kupasuka ardhi inapocheza. Kisha tembeeni kwa majirani wa upande wa kaskazini na wa kusini, mkawaulize kama kuna mahali palipowahi kudidimia, kufukiwa kwa kifusi au kujazwa mawe. Uliza kuhusu vyoo vya shimo vya zamani pia, maana shimo lililofukiwa ovyo chini ya chumba huleta mteremko wa sakafu miaka mingi baadaye.

Halafu fuateni maji ya paa. Paa la mita mraba 150, likinyeshewa milimita 30 katika mvua moja, linamwaga lita 4,500. Kama maji hayo yanashuka kwenye kona ya nyumba kwa sababu gata zimekatika, mnailowesha ardhi ya volkano pale pale ambapo msingi unaitegemea. Kasoro hii naiweka mbele ya zote katika mji huu, na kuitengeneza ni rahisi: gata, bomba la kushukia, mfereji wa saruji wa kuyapeleka mbali, au tangi. Kandokando ya nyumba kuwe na kibaraza cha konkriti cha upana wa sentimita 90, kikiteremka kutoka ukutani. Shimo la kunyonya maji taka nalo lisiwe karibu. Chini ya mita 6 kutoka msingini mimi singekubali kabisa, na kwa udongo wa Nakuru ningependa 10. Nyumba nyingi mpya hukosea hapa, kwa kuwa kiwanja ni kidogo na shimo hubanwa kati ya jiko na ua.

Kusoma nyufa

Msiogope kila ufa, wala msiamini kila rangi mpya. Nyufa nyembamba kama unywele zinazotapakaa kwenye plasta kwa sura ya ramani ni plasta iliyokauka haraka, na hazina madhara kwa ukuta. Ufa unaopanda kwa ngazi, ukifuata maungio ya mawe, unasema upande mmoja wa msingi umeshuka. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha unaweza kuwa linta (boriti iliyo juu ya dirisha) fupi au msingi ulioshuka. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mwisho wa ukuta ndio unaoshuka; ukiwa mpana chini, huenda katikati ndipo palipozama. Ufa wa wima palipounganishwa nyumba ya zamani na chumba kilichoongezwa ni wa kawaida kabisa, maana misingi miwili ya umri tofauti haishuki pamoja.

Pimeni kwa rula. Chini ya milimita 1 ni kazi ya mpaka rangi. Kati ya 1 na 5 hurekebishika, ila mjue chanzo kwanza. Ukipita 5, au mlango wa hapo ukiwa haufungi tena, mwiteni mhandisi wa majengo kabla ya kutoa hata arabuni. Kama muda upo, wekeni alama mbili za penseli kila upande wa ufa, andikeni umbali na tarehe, mpime tena baada ya miezi mitatu yenye mvua ndani yake. Ufa uliosimama miaka 20 ni kovu tu. Unaosonga ndio ugonjwa.

Katika nyumba ya 1962, tazameni hasa nyuma ya makabati na juu ya dari. Katika nyumba mpya, tazameni mahali penye plasta ya rangi tofauti kidogo, na mgonge kuta kwa ufunguo. Plasta ikilia kitupu, haijashika.

Kuta: hapa zamani hushinda, kwa sharti

Kuta za nyumba nyingi za mawe za miaka hiyo ni za inchi 9. Nyingi za leo ni inchi 6, na za ndani wakati mwingine hata 4. Njia ya kujua bila kubomoa ni kupima unene wa ukuta dirishani: mawe ya inchi 9 pamoja na plasta ya pande mbili hutoa karibu sentimita 25, na ya inchi 6 hutoa karibu 18. Unene peke yake si kasoro wala sifa. Ukuta wa inchi 6 uliojengwa kwa timazi na pimamaji, wenye hupu ayani (utepe mwembamba wa chuma) katika maungio kila baada ya mistari miwili na mkanda wa konkriti juu ya linta kuzunguka nyumba nzima, unafaa kwa nyumba isiyo na ghorofa. Tena kwa tetemeko unaweza kuupita ule mnene wa zamani. Tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lenye ukubwa wa 6.9, lilitokea kaskazini mwa mji huu huu, na kuta nene za mawe zisizofungwa kwa mkanda wowote, zikibeba paa zito la vigae, hazipendi kutikiswa. Pandeni darini mwa nyumba ya Milimani muone kama kuta zimefungwa juu kwa konkriti au mbao za paa zimelazwa tu juu ya mawe. Kuta za pembetatu za mwisho wa paa ndizo huanguka kwanza.

Kuhusu mchanganyiko wa kujengea mawe, nyumba za zamani zilitumia chokaa kwa wingi, peke yake au ikiwa imechanganywa na saruji. Chokaa imechomwa kwa miaka mingi huko Koru, upande wa Kisumu, na bado inapatikana. Ukikwaruza maungio ya namna hiyo kwa msumari, yatatoa unga kidogo, na fundi wa leo atawaambia ukuta umeoza. Haujaoza. Maungio yanapaswa kuwa dhaifu kidogo kuliko jiwe, ili ukuta ukisonga nafasi ndogo ya kunyooka iwe kwenye maungio, na unyevu utokee hapo badala ya kupitia jiwe. Uharibifu mkubwa ninaouona kwenye nyumba za mawe za zamani huletwa na ukarabati. Mtu anachimba maungio, anayajaza kwa mchanganyiko mkali wa saruji moja kwa mchanga tatu, halafu miaka michache baadaye mawe laini ya volkano yanaanza kumeguka kingo huku saruji ikibaki imesimama nje. Mkiinunua, maungio yajazwe kwa saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6. Na kama nje ni mawe matupu, yaacheni matupu.

Kasoro nyingine ya kawaida ya umri huo ni unyevu unaopanda. Nyumba hiyo huenda ina utepe wa lami wa kuzuia maji ndani ya ukuta, lakini kwa miongo bustani imeongezeka udongo hadi kuufunika. Udongo wa nje unapaswa kuwa angalau sentimita 15 chini ya utepe huo. Mara nyingi dawa ni koleo na siku mbili za kibarua, wala si zile rangi ghali za kuzuia maji mtakazouziwa. Sakafuni, bandikeni karatasi ya plastiki ya nusu mita kwa nusu mita, kingo zote zikiwa zimefungwa kwa utepe wa gundi, muiache usiku kucha. Ikiwa na matone upande wa chini asubuhi, maji yanapanda.

Kwenye nyumba mpya, shaka yangu ya kwanza ukutani ni plasta nene. Plasta nzuri ni milimita 12 hadi 15. Ukuta ukijengwa bila timazi, unanyooshwa kwa plasta ya milimita 30 au zaidi, na uzito huo huachia ukuta baada ya miaka michache. Simamisheni timazi kwenye kona kadhaa, kisha fungueni kifuniko cha soketi moja, stima ikiwa imezimwa, mtazame unene wa plasta pembeni ya kisanduku. Dirisha hilo dogo husema mengi.

Konkriti ya ghorofa

Hapa ndipo nyumba ya Kiamunyi inapoweza kuwashinda wazee au kuwaangusha nyinyi. Ya Milimani, kama haina ghorofa, karibu haina konkriti ya kubeba mzigo zaidi ya linta. Ya Kiamunyi inategemea nguzo, boriti na slabu, vyote vimefunikwa kwa plasta. Bahati yenu ni moja: mwenye mradi bado anajenga nyingine. Nendeni hapo siku ya kumwaga konkriti, bila kupiga simu kwanza. Mnavyoona vikifanywa kwenye hiyo ndivyo yenu ilivyofanywa.

Ombeni mzani. Chuma cha milimita 12 chenye urefu wa mita 12 kina uzito wa karibu kilo 10.7, cha milimita 10 ni kilo 7.4, cha milimita 8 ni kilo 4.7. Chuma kilichoandikwa 12 lakini kikawa 11 kwa kweli kimepoteza karibu asilimia 16 ya nguvu yake, na kwa macho huwezi kuona tofauti. Tazameni mifuko ya saruji: kwa slabu na nguzo iwe ya daraja la 42.5, na ile ya 32.5 ni ya kujengea mawe na plasta. Hesabuni wilbaro. Mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, kwa hiyo mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni lita 70 za mchanga na 140 za kokoto, yaani wilbaro moja na kidogo ya mchanga kwa mbili na kidogo za kokoto. Maji ni kama lita 25. Mkiona wilbaro tatu za mchanga na nne za kokoto kwa mfuko mmoja, au konkriti inatiririka kama uji ili iwe rahisi kumwaga, mmepata jibu lenu. Maji ya ziada hukauka na kuacha matundu, na chuma huanza kushika kutu kupitia hayo.

Rudini siku inayofuata. Slabu inapaswa kumwagiwa maji kwa siku 7 angalau, na nguzo za mbao chini yake zisiondolewe kabla ya siku 14. Mimi ningezingoja 21. Waliokopa benki hukimbizana na riba, na siku hizo za kungoja ndizo za kwanza kuibwa.

Roshani naitaja peke yake kwa sababu ikikosewa inaua. Roshani inayoning'inia bila nguzo hupasuka kuanzia juu, pale inapoungana na ukuta, kwa hiyo vyuma vyake vikubwa lazima viwe upande wa juu wa slabu na viingie ndani ya nyumba kwa urefu wa kutosha, angalau mara moja na nusu ya urefu unaoning'inia. Makosa ni mawili: ama fundi anaviweka chini kama slabu ya kawaida, ama vilikuwa juu na vibarua wakavikanyaga wakati wa kumwaga vikazama. Kwa nje roshani hizo zote zinafanana. Mhandisi ana kifaa cha kutambua chuma ndani ya konkriti, na ana nyundo ya Schmidt ya kupima ugumu wa konkriti bila kuivunja. Mwambieni apime roshani kwanza, kisha nguzo za chini, kisha katikati ya slabu kubwa kuliko zote. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Ufa unaofuata ukuta juu ya roshani, hata mwembamba, mimi ningeuchukua kama sababu ya kusimamisha mazungumzo hadi ujulikane.

Karatasi nazo zina kazi. Nyumba mpya iwe na michoro iliyoidhinishwa na kaunti, michoro ya mhandisi yenye ratiba ya vyuma, usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na cheti cha kuruhusu watu kuhamia. Ulizeni tarehe ya idhini. Kwa zaidi ya nusu karne majengo yaliidhinishwa kwa kanuni za 1968. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zilianza kutumika tarehe 1 Machi 2025. Nyumba iliyokamilika mwaka jana inaweza kuwa iliidhinishwa chini ya zile za zamani, jambo ambalo si baya lenyewe, ila mjue mhandisi alikuwa akifuata zipi. Muuzaji akiwa hana michoro ya mhandisi kabisa, nyumba ya ghorofa mimi singeinunua, hata bei ishuke namna gani.

Paa na zile shiti za kijivu

Vigae vya udongo vina uzito wa karibu kilo 40 kwa mita mraba, na bati la geji 28 halifiki 5. Mbao za paa la 1962 zilikadiriwa kwa mzigo huo, na nyingi zilikuwa mtarakwa, podo au saipresi iliyokomaa, zikiwa zimekaushwa vizuri. Leo mbao nyingi hukatwa kutoka miti michanga na huenda darini zikiwa bado mbichi, zikajikunja na kuachia misumari. Chomeni mbao kwa bisibisi nyembamba pale zinapolala juu ya ukuta na chini ya kila mahali penye doa la maji. Ikizama sentimita moja bila nguvu, pameoza au pana mchwa. Kwenye nyumba mpya tafuteni rangi ya kijani hafifu ya dawa, na mkague mahali zilipokatwa baada ya kutiwa dawa, kwa kuwa hapo hubaki wazi.

Mkija kubadilisha vigae kwa mabati, kumbukeni upepo: paa zito lilijishikilia kwa uzito wake, ila bati huinuka. Mbao zifungwe ukutani kwa mikanda ya chuma iliyoshuka angalau mistari mitatu ya mawe. Na bati msinunue kwa namba pekee. Kwa kipimo cha zamani cha Uingereza geji 28 ni karibu milimita 0.4 na geji 30 ni karibu 0.3, lakini yapo yanayouzwa kwa namba hizo yakiwa membamba zaidi. Pimeni kwa maikromita.

Shiti za stoo, kama ni nene za milimita 6 hivi na zinavunjika badala ya kukunjika, kuna uwezekano mkubwa ni saruji iliyochanganywa na asbesto. Vumbi lake likivutwa huleta magonjwa ya mapafu yanayojitokeza miongo baadaye, saratani ikiwemo. Zikiwa nzima na hazijaguswa, hatari ni ndogo. Usikate, usitoboe, usisugue, usiruhusu fundi azivunje kwa nyundo, na maji ya kunywa usiyakinge hapo. Kanuni za taka za 2006 zinaiweka asbesto katika taka hatari, hivyo kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na taka hupelekwa mahali palipoidhinishwa. Hakikisheni pia mbao za dari, gata na tangi la zamani si za jamii hiyo. Gharama ya kuiondoa ikatwe kwenye bei kabla ya kutia sahihi.

Mabomba na stima

Hapa fundi wenu yuko sahihi, na sina haja ya kurefusha. Mabomba ya chuma ya 1962 yamejaa kutu ndani. Jaza ndoo ya lita 20 kwenye mfereji wa jikoni. Ikipita dakika mbili wakati presha ya mtaa ni nzuri, hesabuni mabomba mapya nyumba nzima. Kwenye nyumba mpya yenye mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, kasoro ni fundi aliyechoma kupita kiasi hadi plastiki ikaziba nusu ya tundu. Utaijua kwa bomba moja kuwa dhaifu na la jirani kuwa na nguvu.

Nyaya za zamani zenye mpira uliokauka na kukatika zote zitoke. Jambo moja husahaulika: nyumba nyingi za wakati huo zilipata ardhi ya stima, yaani njia ya kupeleka stima inayovuja udongoni, kupitia bomba la maji la chuma. Siku bomba hilo linapobadilishwa kuwa la plastiki, nyumba nzima hubaki bila ulinzi na hakuna anayejua, kwa hiyo chuma kipya cha ardhi kichimbiwe kabla ya fundi bomba kuanza. Katika nyumba mpya, waya wa taa uwe milimita mraba 1.5, wa soketi 2.5, na wa shawa ya moto 4 kwa uchache, 6 ikiwezekana, maana shawa moja huvuta zaidi ya ampea 20. Bonyezeni kitufe cha majaribio kwenye kifaa cha kukata stima inapovuja. Kisipokata, hakifanyi kazi.

Ningechagua ipi?

Kwa maelezo mliyonipa, ningeelekea Milimani, kwa sharti kwamba mhandisi hakuona ufa unaosonga, na kwamba bei imepunguzwa kwa gharama ya nyaya, mabomba, gata na asbesto yote. Mkadiriaji wa majengo aiandike gharama hiyo kwa tarakimu, mpeleke karatasi hiyo kwa muuzaji. Ukuta mzuri na kiwanja kizuri huwezi kuvinunua baadaye. Waya na bomba unaweza. Lakini kama jengo la jirani huko Kiamunyi litaonyesha vyuma vya uzito kamili, konkriti isiyo na maji mengi na slabu inayomwagiliwa, na karatasi zote zipo, hiyo mpya ni nyumba bora ya kuishi na itawasumbua kidogo kuliko ya Milimani. Mkiichukua, andikeni kwenye mkataba kipindi cha kurekebisha kasoro kinachopita msimu mmoja mzima wa masika, na sehemu ya bei ibaki kwa wakili hadi kipindi hicho kiishe.

Dada yako wa Kisumu

Kwake hesabu inabadilika. Nyamasaria, Kibos na sehemu kubwa ya uwanda wa Kano zina udongo mweusi, ule mafundi huuita blakikotoni. Huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, hivyo nyumba hupanda na kushuka kila mwaka. Nyumba nyingi za zamani za Kisumu, zile za Milimani ya huko kwa mfano, ziko juu zaidi na hazina tatizo hilo, na miteremko ya Riat ni mwamba. Ziwa nalo lilipanda Mei 2020 kuliko kiwango cha 1964 na kuingia nyumba za watu, kwa hiyo aulize kila mwenyeji maji yalifika wapi mwaka huo.

Kwa nyumba mpya ya udongo mweusi, swali la kwanza kwa muuzaji ni kama udongo huo uliondolewa wote hadi kwenye murramu au mwamba, na kina kilikuwa mita ngapi. Jibu liwe na picha za mtaro ulio wazi. Kujaza kulipaswa kufanywa kwa murramu au mawe, tabaka za sentimita 15, kila moja ikishindiliwa kabla ya inayofuata. Pale udongo ulipokuwa wa kina sana kuondolewa, kuwe na mchoro wa mhandisi unaoonyesha boriti za chini zenye vyuma juu na chini, au msingi wa slabu nzima. Aende kuiona Januari au Februari, kiangazi kikiwa kimekolea, wakati nyufa za ukuta ziko wazi kabisa, kisha arudi Mei. Miti mikubwa iliyo karibu na ukuta kuliko urefu wake yenyewe, mikaratusi hasa, hunyonya maji ya udongo huo na kuushusha upande mmoja. Ila akishanunua asiikate yote kwa siku moja, kwa sababu udongo uliokuwa umekaushwa na mizizi utavimba tena na kuinua msingi.